Kufuli Lisilo na Siri

Mtu akipoteza ufunguo mjini Gitega, hahangaiki kuutafuta ufunguo. Anamtafuta Uthmani. Kibanda chake kiko ubavuni mwa soko, kimejaa funguo zilizotungwa kwenye nyaya toka darini mpaka chini, na upepo ukipita zote zinalia. Uthmani mwenyewe hukaa katikati juu ya kigoda, kofia imelala upande, kifua mbele. Na kifua kile, tusimseme vibaya mzee wa watu, alikuwa na haki nacho. Kufuli la Kichina, kufuli la Kihindi, kufuli la sanduku la bibi aliyeolewa kabla ya uhuru, yote yalikuwa yanamjua. Alikuwa na waya mmoja uliopindwa kichwa, aliourithi kwa baba yake, na namna ya kuuzungusha ambayo hakumwonyesha mtu. Mteja akileta kufuli, Uthmani humgeuzia mgongo, hukohoa kidogo, na akirudi kumtazama kufuli limekwisha achama.

"Kufuli ni siri," alipenda kusema. "Siri ikitoka, hiyo si kufuli tena. Ni chuma tu."

Nusu ya kibanda alimwachia binti yake Nadia, anayetengeneza simu na kompyuta. Kati yao kulikuwa na pazia la kitenge, na mabishano yalikuwa yanapita juu ya pazia lile kutwa nzima. Nadia alikuwa ameomba mara nyingi aonyeshwe kazi ya ule waya.

"Siku yangu ya kufa ndiyo nitakuonyesha," Uthmani humjibu.

"Na ukifa ghafla, Baba?"

"Basi Gitega italala nje."

Ndivyo walivyokuwa wakiishi, mpaka asubuhi ile alipopiga hodi mwanamke mmoja mrefu, kitambaa cheupe kichwani, amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya kanga. Alisema anaitwa Paskazia, Mama Adventina, na kwamba ametoka Giteranyi, huko juu Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, kwa ajili ya Uthmani tu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redio. Uthmani alijua papo hapo kwamba huyu ni katika wale waliokulia Tanzania wakarudi.

"Nimeambiwa wewe hufungua kila kufuli, mzee wangu," akasema. "Hili limetushinda."

Akaifungua kanga, ikatoka laptopu. Akaomba umeme, akaichomeka, akaiwasha. Kioo kikawa cheusi, na katikati yake pakatokea picha ya kufuli dogo jeupe, na chini yake kisanduku kitupu. Paskazia akakinyooshea kidole. "Hilo hapo."

Sasa msimcheke. Mtu ameambiwa kuna fundi wa kufuli, ameona kufuli kwa macho yake, ungetaka aende kwa nani? Uthmani naye, kwa heshima ya mgeni na kwa kiburi chake mwenyewe, akavaa miwani. Akaikagua ile mashine pande zote, akapapasa kingo zake akitafuta tundu. Nyuma ya pazia Nadia alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono.

"Nadia!" baba akaita, sauti imejaa aibu. "We, kuja hapa. Acha kucheka."

Paskazia akaeleza, naye Nadia akaacha kucheka. Mashine ilikuwa ya mumewe, Egidius, mwalimu wa kwaya ya kanisani kwao. Aliinunua hapahapa Gitega, na kwa kuwa mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi hufunga hata kikombe chake, akaifunga yote kwa neno la siri. Mwanzoni mwa mwaka akaugua, akafariki. Juzi tu walikuwa wameganduka, yaani wamemaliza matanga, na Jumamosi hii binti yao mkubwa Adventina alikuwa anaolewa. Egidius alikuwa amemtungia binti yake wimbo wa harusi. Hakuandika nota, hakumfundisha mtu, alitaka uwe wa kumshtua. Aliuimba mwenyewe ndani ya mashine hii, sauti zote nne, moja baada ya nyingine, ili kila mwanakwaya apelekewe sauti yake kwenye simu ajifunze.

"Sauti zote nne?" Nadia akauliza. "Hata ya wanawake?"

"Hata ya wanawake. Nilikuwa nasikia mlango wa chumba umefungwa, mtu mzima analia kama kifaranga."

Alicheka kidogo, kisha uso ukabadilika. "Hospitalini aliniambia, 'Mama Adventina, wimbo umo, nimeumaliza. Neno ni bomba la pili.' Hilo ni bomba la maji la kambini kwetu, Mtabila. Kwenye foleni ya bomba la pili ndipo tulipojuana. Siwezi kulisahau. Lakini tumeliandika kwa kila namna na mashine inakataa. Shemeji zangu wanasema mgonjwa alikuwa na homa, alisema ovyo. Wengine wanasema mimi nilikuwa nimechoka, sikusikia vizuri." Akaikunja kanga, akaikunjua. "Yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu, mzee. Nimeanza kujiuliza kama kweli nilimsikiliza mume wangu."

Uthmani akamsogezea Nadia kigoda.

Nadia akakaa mbele ya mashine. Akaandika bombalapili kwa herufi ndogo. Nukta zikajipanga kwenye kisanduku, moja kwa kila herufi, kisha zikafutika: hapana. Akaandika kwa herufi kubwa, hapana. Kwa nafasi katikati, kwa namba mbili badala ya neno pili, hapana na hapana. Kila mashine ilipokataa, Paskazia alikuwa akitikisa kichwa kana kwamba ni yeye anayeambiwa.

"Donc basi, tunaivunja," Uthmani akasema. "Leta tournevis, ile bisibisi kubwa. Kila kitu iko na mlango wa nyuma."

"Hii haina, Baba."

"Kila kitu iko nao!"

"Nisikie basi. Nikitoa diski, ninaitoa, hakuna shida. Lakini ndani yake utakuta unga. Wimbo, picha, barua, vyote vimesagwa pamoja. Lile neno ndilo linarudisha unga kuwa mahindi. Bila neno, hata ukae nayo mpaka mwisho wa dunia, iko unga tu."

Uthmani akamtazama binti yake kama anayetazama mtu anayesema jua linachomoza magharibi, Bujumbura. "Nani alitengeneza kufuli kama hii?"

"Watu."

"Watu gani? Iko na kampuni? Iko na mwenyewe?"

"Watu tu, Baba. Wa dunia nzima. Hii ni Linux, programu huria. Mmoja anaandika kipande, mwingine anakirekebisha, wanagawa bure. Na mchoro wake uko wazi. Hata we unaweza kuusoma."

Hapo mzee wetu akapandisha hasira. "Acha uongo! Mchoro ya kufuli iko wazi? Na wezi je?"

"Wezi wanasoma, maprofesa wanasoma, watoto wa shule wanasoma. Mtu akiona tundu, anapiga kelele, wengine wanaliziba. Si wamesema mficha maradhi kifo humuumbua? Hawa hawafichi." Nadia akainua kile kichwa chake cha ukaidi, kichwa cha baba yake mtupu. "Kufuli zako, mtu akijua kazi ya waya wako, zote zimekwisha. Hii kila mtu anajua inavyofanya kazi, na hakuna anayeifungua. Sasa niambie we, Baba, kufuli ni ipi?"

Hapo Uthmani akaomba afundishwe. Wanaomjua wanasema hawakuwahi kuona jambo hilo tangu azaliwe.

"Nionyeshe," akasema kwa sauti ndogo.

Nadia akamfungulia kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mistari ikaanza kupanda kwenye kioo, mistari na mistari, haiishi. Uthmani hakuelewa hata neno, lakini alikuwa fundi, na fundi huijua kazi ya mkono wa fundi hata kwenye lugha asiyoisoma. Aliona palivyopangwa, palivyoachwa nafasi, palivyorudiwa ili pakae sawa. Pembeni palikuwa na majina ya waliofanya kazi hiyo, ya Wahindi, ya Warusi, ya Waarabu, mengine hayatamkiki. Akaweka kidole kwenye moja.

"Huyu alifanya nini?"

"Alisahihisha mstari mmoja."

"Mstari mmoja tu? Na jina lake wameliweka?"

"Wameliweka."

"Na analipwa?"

"Wengi wao hawalipwi, Baba."

"Subhanallah," akasema Uthmani, na akaketi. Hakulisema kwa mazoea kama tunavyolisema sisi kikombe kikianguka. Alilisema kama mtu aliyefunguliwa dirisha kwenye chumba alichokuwa anadhani hakina dirisha.

Lakini mshangao haufungui mashine. Paskazia akaifunga kanga yake tena. Nadia alimwomba aiache, akakataa kwa upole: hakuwahi kuiacha popote tangu msiba. Alisema anarudi Muyinga mjini, ana manunuzi ya harusi, na kesho atapita kwa fundi wa pale, Crispin, aliyemwambia kwamba kama Gitega nako watashindwa atafuta vyote, mashine ianze upya ikiwa tupu, ili Elias, mwana wa Paskazia, aitumie shuleni. "Angalau ifae kitu," akasema. "Wimbo utakuwa umeenda na mwenyewe." Akawashukuru kwa mikono miwili, kama tunavyoshukuru huku, akaondoka. Uthmani hakula siku ile. Alikuwa amemezwa na mambo mawili, kufuli lile na macho ya mama yule, na hakujua lipi linamwumiza zaidi.

Nadia naye hakukaa bure. Jioni ileile aliandika swali mahali ambapo wale watu wa dunia nzima hukutana mtandaoni. Akaeleza yote kwa Kifaransa chake cha shule: mwalimu wa kwaya, wimbo, harusi, neno la siri ambalo mjane ana hakika nalo.

Asubuhi alikuta majibu. Alipiga kelele, Uthmani akaliacha kufuli la mtu mezani, akaja mbio.

"Huyu ndiye amejibu vizuri," Nadia akasema. Palikuwa na picha ya ndege mwenye macho makubwa.

"Bundi?" Uthmani akarudi nyuma. "Astaghfirullah! Asubuhi yote hii, unaniletea bundi?"

"Ni picha tu, Baba! Kwao bundi ni ndege wa hekima. Sikiliza anavyosema: 'Poleni sana kwa msiba. Mwambieni mama nasikitika pamoja naye. Ufunguo wa akiba sina, na hakuna aliye nao. Mimi ni mmoja wa waliosaidia kulijenga kufuli hili, na nikisahau neno langu nitalia kama nyinyi. Lakini kabla hamjakata tamaa, niambieni: kibodi ya mashine hiyo ni ya lugha gani, na marehemu alijifunzia wapi kuchapa?'"

Uthmani alikuwa bado yuko kwenye mstari wa kwanza. "Amesema pole?"

"Amesema."

"Iko wapi huyu mtu?"

"Sijui. Mahali pa baridi, kuna theluji kwenye picha."

"Anamjua Egidius?"

"Atamjulia wapi, Baba?"

Uthmani akashika kofia yake kwa mikono miwili. Mtu wa theluji, asiyejua Giteranyi iko upande gani wa dunia, ameamka asubuhi akampa pole mjane wa mwalimu wa kwaya, akaketi akafikiri juu yake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Waliosema hawakukosea."

Nadia hakumsikia. Alikuwa ameganda, macho kwenye swali la pili. Kisha akajipiga kofi la paji la uso, hadi mteja mmoja nje akageuka. "Baba! Marehemu alikulia wapi?"

"Tanzania. Si umesikia Kiswahili ya mke wake? Hajakosea hata mara moja, mi nilikuwa naona haya kufungua mdomo."

"Na kibodi za Tanzania ni za Kiingereza! Zetu ni za Kifaransa. Herufi hazikai mahali pamoja!" Akamvuta mkono mpaka kwenye kibodi yake. "Ona. Kwetu A iko hapa juu. Kwao iko hapa chini, kwenye Q yetu. M yetu iko huku mwisho. Yao iko pale kwetu penye alama ya koma. Mtu aliyezoea kuchapa bila kutazama, vidole vyake vinaenda mahali vinapopajua. Ameinunua mashine hapa, akaiambia ifuate mpango wa kwao, na maandishi ya juu ya vitufe hakuyajali, maana hayatazami. Sisi ndio tumekuwa tukiyasoma. Tumekuwa tukiandika A, mashine inapokea Q. Na kwenye kisanduku hatuoni chochote, nukta tu!"

"Kwa hiyo yule mama..."

"Alisikia sawasawa, Baba. Tangu mwanzo."

Walipiga simu ya Paskazia. Imezimwa. Wakapiga tena na tena, imezimwa. Namba ya Crispin hawakuwa nayo. Na leo ndiyo siku aliyosema atampelekea mashine aifute.

Sasa mjue kwamba Uthmani hakuwahi kufunga kibanda siku ya soko. Hakufunga alipougua malaria, hakufunga Nadia alipozaliwa, na mama Nadia hajalisahau jambo hilo hadi leo. Siku hiyo alifunga. Akatafuta gari, na mnajua petroli ilivyo adimu siku hizi, mpaka akampata mfanyabiashara mmoja wa maharage aliyekuwa na mafuta na safari ya Muyinga. Wakapita Karuzi, vilima vinapanda na kushuka, na njia nzima mzee anamsukuma dereva kwa mdomo. "Ongeza, ndugu yangu, ongeza kidogo." Nadia alikuwa anajaribu simu. Uthmani alikuwa anaomba dua, na katika dua zake, Mungu amsamehe, alimtaja na bundi.

Waliingia Muyinga mchana umegeuka. Duka la Crispin halikuwa gumu kupatikana, kila mtu alilijua. Uthmani aliingia kwanza, jasho linamtoka, akakuta kijana mnene mpole ameinama juu ya mashine ileile, flashi imechomekwa ubavuni, na Paskazia amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, anatazama ukuta.

"Toa mkono!" Uthmani akafoka. "We kijana, usiguse!"

Crispin akaruka. "Mzee, shikamoo! Mi sijafanya kitu! Mama amekubali mwenyewe, nimemuuliza mara mbili!"

"Umefuta?" Nadia akauliza, pumzi hana.

"Nitafuta na nini? Umeme umekatika tangu asubuhi. Betri yake imekufa. Tunangoja."

Maisha yake yote Uthmani alikuwa amewalaani watu wa umeme. Siku hiyo aliwaombea heri, wao na watoto wao. Akajitupa kwenye benchi kando ya Paskazia, akafungua vifungo vya kanzu shingoni, akacheka mpaka machozi yakatoka.

Paskazia alikuwa anawatazama kwa zamu. "Mzee Uthmani? Kuna nini? Mmetoka Gitega kwa ajili gani?"

Nadia akapiga magoti mbele yake. "Mama, nakuuliza kitu kimoja. Marehemu alipokuwa anachapa, alikuwa anatazama vidole?"

"Hapana. Alijifunza kambini, kwenye mashine ya chapa ya ofisi ya paroko, akiwa kijana. Hakuwahi kutazama vidole." Akafikiri. "Alikuwa ananitazama mimi. Anachapa huku ananisimulia habari za kwaya. Nilikuwa nikimwambia, Baba Adventina, utaandika upuuzi. Hakukosea hata siku moja."

Nadia akageuka kumtazama baba yake, naye baba akaitikia kwa kichwa.

Umeme ulirudi alasiri. Radio ya jirani ilianza kuimba katikati ya neno, na mtaa mzima ukashangilia. Crispin akaichomoa flashi yake mwenyewe, bila kuambiwa. Kufuli jeupe likatokea. Nadia akakata vipande viwili vya karatasi, kimoja akaandika A, akakibandika juu ya kitufe cha Q. Kingine akaandika M, akakibandika penye koma. Kisha akasogea pembeni.

"Andika wewe, Mama. Wewe ndiwe uliyeambiwa."

Paskazia akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akisema kila herufi kwa midomo. Bomba. La. Pili. Nukta zikajipanga. Akabonyeza.

Kufuli likatoweka.

Halikulia, halikuvunjika. Lilitoweka tu, na nyuma yake pakatokea picha ya Adventina akiwa mdogo amebeba ndoo ya maji kichwani. Paskazia akaweka mkono juu ya kioo. Crispin, fundi wa Muyinga nzima, akasema "Mana yanje", Mungu wangu, na kuvua kofia yake. Uthmani alikuwa amefungua makufuli maisha yake yote, tena kwa kugeuza mgongo. Hili lilikuwa la kwanza kufunguliwa mbele yake, kwa neno walilopeana mke na mume, na alijua hakuna waya, hapa wala kwenye theluji, ambao ungelifikia.

Wimbo haukujificha. Ulikuwa umeandikwa jina la binti, na Nadia alipoufungua pakatokea mistari minne ya mawimbi, mmoja juu ya mwingine. Akabonyeza. Ilianza besi, sauti nzito ya mtu mzima. Ikaja sauti ya tatu juu yake, mtu yuleyule. Ikaja ya kwanza, nyembamba, inajikaza kufika juu, na Crispin akaangua kicheko kabla hajajizuia, na Paskazia akacheka naye, machozi yanamtiririka. Ya mwisho ikaingia ya pili, ikapita katikati yao ikawafunga pamoja, na hapo haikuwa tena mtu mmoja. Ilikuwa kwaya nzima. Marehemu mmoja alikuwa amesimama kwenye duka lile katika safu nne, anamwimbia binti yake aende vyema, na watu wa njiani walianza kusimama mlangoni bila kuuliza ni nini.

"Subhanallah," Uthmani akanong'ona. "Subhanallah, subhanallah."

Wimbo ulipokwisha, mashine haikunyamaza. Kikasikika kiti kikisogezwa, mtu akikohoa, kisha Egidius akasema, karibu sana, kama aliye kwenye benchi lao:

"Mama Adventina, sauti ya pili ni yako. Sasa usikimbie, unanisikia? Ubeti wa tatu wa kila wimbo wewe hukimbia. Ningoje."

Paskazia akainama mpaka paji la uso likagusa mashine.

"Nilikusikia," akamwambia. "Nilikusikia vizuri, Baba Adventina. Wao ndio walikuwa wanabisha."

Crispin alizituma sauti nne kwenye simu za wanakwaya palepale, na alipoulizwa malipo alikasirika. Uthmani akamwamuru Nadia aandike jibu kwa yule wa theluji, akalitunga mwenyewe huku anatembea huku na huku. Akasema limefunguka. Akasema mama anashukuru. Akasema huku kwetu bundi hawapendwi, lakini yeye akija Gitega atapokewa kama ndugu, na ufunguo wake wowote utakaopotea, Uthmani yupo.

Siku iliyofuata mwanamke mmoja alileta kufuli la ghala kibandani. Uthmani aliutoa waya wake, akataka kugeuza mgongo, akasita. Akalivuta lile pazia la kitenge mpaka likatoka kwenye kamba.

"Nadia. Kuja hapa, tazama mkono yangu. Sirudii."

Alirudia mara nyingi, maana Nadia alikuwa mzito wa mkono wa kushoto.

Jumamosi walikwenda Giteranyi. Uthmani na binti yake walikaa nje, chini ya turubai la wageni, wanasikiliza kupitia madirisha ya kanisa yaliyo wazi. Kwaya ikasimama. Besi ikaanza, ikaja ya tatu, ikaja ya kwanza, na Paskazia, amesimama na wenzake kwa kitenge kipya, akaingia na ya pili. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili vizuri zaidi. Nadia alikuwa ameushika mkono wa baba yake bila kujua.

Ubeti wa tatu ulipofika, wenzake wote walimtazama. Paskazia akafumba macho, akangoja.